Maneno ya Mwisho ya Matty Stobbart

Exeter,
22 Machi 1964

Dada yangu Hilda,

Pokea salamu kutoka huku kusini, ambako mvua ilianza Jumanne na sioni dalili ya kukoma. Mimi na Philippa tu wazima, mafua tu yanatusumbua. Wewe je, na shemeji Alf, na kichanga? Kifua cha Baba kinaendeleaje? Mama huandika "hatujambo" kwenye kila barua, hata ile aliyoniandikia mkono ukiwa umevunjika, kwa hiyo nakuuliza wewe.

Kitabu changu cha mashairi kimetoka. Nimekufungia nakala mbili, moja yako na moja ya nyumbani. Ni chembamba, usinicheke. Kina kurasa hamsini na sita na kimenila miaka sita. Mkuu wa idara alinipa mkono mbele ya wenzangu, akasema sasa chuo kitaniangalia kwa jicho lingine. Huenda mwakani wakanithibitisha kazini.

Mwambie Baba afungue ukurasa wa kumi na saba. Nimemwandikia yeye. Shairi linaitwa "Pipa", na nimemweka vilevile alivyo, na kofia yake, nyuma ya banda, anakoroga chakula cha kukuzia liki zake, vile vitunguu virefu vya mashindano, Jumapili asubuhi wakati wenzake wamekwenda kanisani. Hapa chuoni hakuna aliyewahi kuona liki nene kama mkono wa mchimba makaa, na sasa kila mtu ananiuliza habari zake. Gazeti la huko kwetu limeomba kulichapa, nami nimewakubalia. Nataka Cawburn nzima imwone Baba kama ninavyomwona mimi.

Nilipofaulu hakusema kitu. Nilipooa hakusema kitu. Labda safari hii atasema.

Mdogo wako,
Lance


Cawburn,
14 Septemba 1964

Mdogo wangu Lance,

Hujambo? Na mkeo? Sisi tunapumua. Mtoto ameota meno mawili na anayajaribu kwenye kidole changu. Alf wamemhamishia zamu ya alfajiri mgodini. Mama analalamikia mgongo. Baba mwili mzima, moyo nitakuambia.

Umeuliza mara tatu kama Baba amesoma ukurasa wa kumi na saba. Amesoma. Na Cawburn nzima imesoma, usiwe na shaka. Hata Sep Gowland, ambaye maisha yake yote hajanunua maandishi yoyote ila ya mbio za farasi, alilikata lile shairi gazetini akalipigilia msumari bandani kwake.

Lance, ulikuwa unawaza nini? Miaka ishirini na sita Baba anapika lile pipa na hakuna aliyejua ndani mna nini. Mimi sikuambiwa. Mama hakuambiwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ulikuwa wewe, kwa sababu ulimbebea ndoo na akakuapisha. Wewe ukaimwaga yote, mstari kwa mstari: machicha ya bia, masizi ya bomba la moshi, gunia la mavi ya kondoo, sukari ya kahawia, tena na siku za kuacha kumwagilia kabla ya mashindano. Watu hawakusoma shairi, mdogo wangu. Walisoma mapishi.

Jumamosi ilikuwa maonyesho ya liki, pale klabuni kwa wachimbaji. Zawadi zilipangwa jukwaani kama kawaida, na mshindi wa kwanza anachagua kwanza. Mwaka huu palikuwa na mashine ya kufulia. Mama alikwisha kuisogeza meza ya jikoni ili ipate mahali pa kukaa. Sep akashinda. Akapanda jukwaani, akashika mfuniko wa mashine, akasema, "Jamani, kabla sijachagua, nimshukuru Matty kwa kumsomesha mwanawe." Klabu nzima ilicheka, na wengine ni watu waliobeba jeneza la babu. Baba akasema, "Chukua mashine yako, Sep, watu wana kiu."

Alikuwa wa tisa. Zamu yake ilipofika zilikuwa zimebaki taa ya mezani na blanketi. Akamwachia Mama achague, Mama akachukua taa. Mke wa Sep ametuma salamu kwamba Mama aende akafulie kwake siku za Jumatatu. Mama amejibu kwamba mikono yake bado mizima.

Leo asubuhi Baba ameufukia mtaro wa liki, ameweka kuku juu yake. Nilimwambia nitakuandikia. Akasema, "Usimwandikie. Huyo ukimwandikia, anachapa." Krismasi usije, Lance. Acha ipoe kwanza.

Dada yako,
Hilda


Exeter,
2 Oktoba 1964

Dada Hilda,

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Natumaini mgongo wa Mama umepata nafuu na mtoto hajamaliza vidole vyako. Mimi sijambo, ila chakula hakipiti vizuri.

Niliandika kwa mapenzi, Hilda, Mungu ni shahidi yangu. Ningeandika "dawa fulani" au "vitu vyake vya siri", shairi lingekuwa debe tupu. Uzuri wake wote uko kwenye masizi na machicha. Nilisahau kabisa kwamba yana thamani nyingine. Huku ukimtaja mtu kwa undani namna ile, unakuwa umempa heshima. Nilifikiri na huko ni hivyohivyo.

Niombee radhi kwake. Wewe anakusikiliza. Mwambie sikukusudia kumuumiza, na kama kuna neno moja anataka kunitupia, hata la matusi, anitupie. Nitalipokea.

Mdogo wako,
Lance


Cawburn,
30 Agosti 1971

Mdogo wangu Lance,

Salamu zako za Pasaka zilifika, na picha ya nyumba mpya. Nyumba kubwa hiyo, kwa watu wawili! Hamjambo lakini? Sisi tuko vilevile. Mimi siku hizi ni mpishi mkuu wa shule, napikia watoto mia mbili na kumi, na wote hawapendi kabichi. Baba anakohoa. Daktari anasema ni vumbi la mgodini, kana kwamba tulidhani ni la unga.

Nina jambo. Miaka miwili sasa tangu tumzike Mama. Siku ile wewe uliona kwamba Baba hakukusemesha. Mimi niliona jingine. Alikupa sahani ya mkate na nyama, na akakuchagulia ile yenye haradali uipendayo, wakati yeye haradali haipendi na watu wote walipewa ya kawaida. Aliitafuta. Nilimwona anafunua mkate kwa kidole.

Sasa sikiliza. Mwaka jana Baba alianza tena kwenda kwenye maonyesho. Hashindani, anatazama tu. Njoo Jumamosi ya tarehe kumi na moja. Simama ubavuni kwake, mtazame liki za watu, na usifungue mdomo. Wanaume wa hapa hawapatani wakitazamana usoni, hupatana wakitazama kitu kingine. Atasema, "Hii ina shingo fupi," nawe utasema, "Kweli, fupi." Hapo mmemaliza. Nawajua, nimezaliwa nao.

Nimemwambia huenda ukaja. Hakusema usije.

Dada yako,
Hilda


Exeter,
20 Septemba 1971

Dada Hilda,

Sijui nianze na salamu au na samahani. Natumaini mko salama. Natumaini Baba hakusimama pale muda mrefu.

Nilitoka, Hilda. Nakuambia kweli tupu. Nilipanda treni alfajiri nikafika York. Pale nilikuwa nibadilishe treni, nikanunua chai nikakaa kwenye benchi. Nikaanza kufikiria nitakavyoingia klabuni, mlango ulivyo mzito, moshi wa sigara, Baba amenipa mgongo. Mistari ya shairi ikaanza kunijia. Unajua ninavyokuwa ikinijia. Nikatoa karatasi nikasema niandike minne tu isije ikapotea. Nilipoinua kichwa, treni yangu ilikuwa imekwenda, na ile iliyofuata pia. Saa tisa na nusu. Nikijua maonyesho yanafungwa saa kumi na moja, nikarudi.

Ningeweza kukuambia nilikuwa na kikao cha mitihani. Philippa alinishauri nikuambie hivyo. Nimeona nikudanganye kwa nini.

Mwakani nitakuja. Weka alama kwenye kalenda.

Mdogo wako,
Lance


Cawburn,
3 Februari 1978

Lance,

Hujambo. Sisi hatujambo isipokuwa yule unayemjua.

Miaka ni mingi na barua zimekuwa kadi za Krismasi, nami sikulaumu peke yako. Lakini hii si kadi. Daktari amekuja leo, amesema Baba amebakiza wiki mbili, zikizidi sana tatu. Kitanda tumekiteremsha chini karibu na moto, kwa sababu ngazi zimemshinda. Amekonda, ila akili anayo, na anakasirika nikimlisha kwa kijiko.

Jana aliniuliza treni ya kutoka kusini siku hizi inafika saa ngapi. Aliuliza hivyo tu, akageukia ukutani. Unataka barua iseme nini zaidi? Njoo.

Hilda


Exeter,
7 Februari 1978

Dada Hilda,

Barua yako imenikuta leo, nimeisoma nimesimama. Pole, dada. Pole kwa kumuuguza, najua si kazi nyepesi. Alf na watoto nao nawapa pole.

Nakuja. Sikiliza mpango wangu. Alhamisi tarehe kumi na sita natoa hotuba yangu ya kuingia uprofesa. Mtu huitoa mara moja tu maishani. Kadi zimekwisha kutumwa, mkuu wa chuo atakuwepo, na watu wanatoka London na Dublin. Nikiiahirisha, sijui watanipa tarehe nyingine lini. Na hutaamini, mada yenyewe ni usemi wa baba zetu, watu wa migodini, wanavyosema mengi kwa maneno machache. Nusu yake ni Baba mtupu. Ijumaa asubuhi, majoho nikiyavua tu, napanda treni. Saa kumi jioni niko Cawburn. Zikiwa wiki mbili, nitakuwa nimewahi.

Mwambie Ijumaa. Mwambie inafika saa kumi.

Mdogo wako,
Lance


Exeter,
1 Machi 1978

Dada Hilda,

Natumaini umepata usingizi kidogo baada ya yote. Umesimamia mazishi, umepika, umepokea watu, na mimi nimekaa kwenye kiti kama mgeni wa serikali. Ahsante. Sikukuambia nilipokuwa huko.

Hukuniuliza kuhusu simu ya maandishi uliyonitumia Baba alipofariki. Nakuambia mwenyewe. Niliipata. Jumatano jioni, saa mbili na robo, Philippa ndiye aliyeipokea mlangoni. Nilijua Baba amefariki, na kesho yake nikavaa joho nikaenda kutoa hotuba. Nilijiambia hatarudi hata nikiacha kwenda, na ukumbi umejaa, na ninamsema yeye. Watu walisimama wakapiga makofi. Nilipofika jukwaani kwenye ule mfano wa haradali, sauti ilinikatika, na wakadhani ni ufundi wa kuhutubia.

Sasa sina haki ya kuuliza, lakini nauliza. Ulikuwa naye mpaka mwisho. Alisema lolote juu yangu? Hata neno moja. Hata kama ni baya. Nina miaka arobaini na minne, Hilda, nimeitwa profesa na watu wazima, na kitu ninachokitaka duniani ni kujua kama yule mzee alifunga macho ana kinyongo nami.

Mdogo wako,
Lance


Cawburn,
12 Machi 1978

Mdogo wangu Lance,

Nimeamka salama, ahsante. Nimerudi jikoni shuleni, watoto wameniletea maua ya kuchuma barabarani. Nawe, kula. Philippa ameniandikia kwamba huli.

Niliijua habari ya simu. Msichana wa posta aliniambia imepokelewa saa ngapi. Nilikuwa nangoja tu kuona kama utasema au utaifukia. Umesema, basi imekwisha, sitaigusa tena.

Ndiyo, alisema kitu juu yako. Siku ile ya Jumatano, mchana, mimi na yeye tu, Alf alikuwa amekwenda kuchukua dawa. Nimekikumbuka chote.

Lakini sikupi, Lance. Nikikupa, nitakikuta dukani, ndani ya kitabu chako, kina bei. Benchi la York nililikuta dukani. Mazishi ya Mama niliyakuta dukani, na soksi zangu zilizotoboka ndani yake. Sikusema neno kwa sababu soksi ni zangu na Mama alikuwa wetu sote. Hiki ni cha Baba, na Baba alishatolewa nje mara moja bila nguo.

Ukitaka nikuambie, niapie kwamba hutakiandika. Si kwenye shairi, si kwenye hotuba, si kwenye hayo mahojiano yako. Kikae kwako mpaka uingie kaburini. Kama huwezi, niambie huwezi, nitakuheshimu zaidi.

Dada yako,
Hilda


Exeter,
15 Machi 1978

Dada Hilda,

Nimepokea, na niko mzima.

Naapa. Kwa kaburi la Mama na la Baba, sitaliandika. Sina cha kuongeza. Niambie.

Mdogo wako,
Lance


Cawburn,
2 Aprili 1978

Mdogo wangu Lance,

Salamu na za Pasaka. Huku theluji imeanguka juu ya maua, wendawazimu mtupu. Sote wazima.

Haya. Nilikuwa namfuta uso. Akanishika mkono, akasema, "Mwambie Lance, udongo haumkatai aliyewahi kuuchimba." Halafu akalala, na jioni akatutoka.

Ndiyo hayo. Yatunze. Na ukiwa na la kuniuliza juu yake, lolote, hata likiwa dogo, niandikie mara moja.

Dada yako,
Hilda


Exeter,
19 Oktoba 1983

Dada yangu Hilda,

Salamu baada ya muda mrefu, na lawama zote ni zangu. Natumaini goti lako limepona, na kwamba Alf bado anawashinda vijana kwenye mchezo wa kurusha vishale. Sisi tunazeeka kwa adabu. Philippa amejifunza kufinyanga vyungu, tunakula kwenye vyombo vilivyopinda.

Nina habari njema, na nyingine sijui utaiitaje. Kitabu kipya kimepata tuzo. Ile kubwa. Tulikula London na watu ambao zamani nilikuwa nawasoma tu. Na shairi la mwisho kitabuni, ambalo wote wanalisema hilo, limechaguliwa liingie kwenye kitabu cha shule. Jumapili ijayo, saa kumi, nitalisoma redioni.

Hilda, nilikaa na yale maneno miaka mitano. Niliamka nayo, nilifundisha nayo, niliyabeba mfukoni nikayageuza mpaka yakalainika. Sijawahi kukaa na kitu namna ile bila kukiandika. Siku moja nilikuwa nasahihisha mitihani, nikageuza karatasi ya mwanafunzi, nikaliandika lote kwa mkao mmoja. Nilisema nitalificha. Kisha nikasema nitamwonyesha Philippa tu. Ilivyokwenda baada ya hapo unaweza kukisia.

Najua niliapa. Lakini lisikilize kwanza ndipo uhukumu. Watu ambao hawajawahi kuona liki wala mgodi wananiandikia kwamba wamewapigia baba zao simu. Nilidhani hilo lina uzito fulani. Baba yetu amesamehe mbele ya nchi nzima, na safari hii hakuna wa kumcheka.

Usinikasirikie sana.

Mdogo wako,
Lance


Cawburn,
27 Novemba 1983

Lance,

Tu wazima. Goti limepona.

Nimengoja mwezi mzima hasira ipoe. Haikupoa, kwa hiyo naandika nayo hivyohivyo.

Nilikusikiliza. Nilikuwa namenya viazi, Alf akaongeza sauti ya redio. Ulisoma vizuri, sauti imetulia, umejifunza kunyamaza mahali pa kunyamaza. Ulipofika kwenye maneno ya Baba, Alf alifuta macho. Mimi niliendelea kumenya, kwa sababu yale maneno nayajua yalikotoka. Yalitoka kwangu.

Baba hakuyasema. Niliyatunga mimi, jikoni shuleni, nikikanda unga wa mikate ya chai. Nilijiambia, huyu ameapa, na Lance kuapa anajua tangu utotoni. Basi nimpe kitu kinachong'aa, nione kama anaweza kukiacha kilipo. Ingepita miaka michache kimya, ningekuita nikakupa ya kweli. Nilikuwa tayari. Niliyaandika kwenye karatasi ili nisije nikayapunguza nikizeeka.

Lakini si hilo linaloniuma zaidi. Kuvunja kiapo nilitegemea nusu. "Udongo haumkatai aliyewahi kuuchimba." Lance, Baba alisema hivyo lini? Mtu aliyekuwa akiomba chumvi kwa kunyoosha kidole? Methali ni zangu, tangu utotoni mlikuwa mnanicheka kwa ajili yake. Wewe unafundisha watoto wa watu kusikia mtu anavyosema ndani ya maandishi. Ulisimama na joho ukahutubia juu ya usemi wa Baba siku moja baada ya kufa kwake. Na nikakuletea maneno yangu nikasema ni yake, na hukujua. Nilikuambia uniulize lolote. Kila asubuhi nilimngoja mtu wa posta. Nilidhani utaandika, "Hilda, acha uongo, huyo siye Baba." Ungeandika hivyo tu, ningekuletea ya kweli kwa treni siku ileile.

Alisema kitu, hilo sikudanganya. Maneno machache, ya kawaida, hayafai kwa redio. Na hakuwa na kinyongo. Hilo lichukue, ulale. Yaliyobaki, ile karatasi nimeichoma, ila kichwani nayajua, na humo yatakaa.

Nilitaka kukwambia haya mbele ya watu, kule kwenye tuzo zenu. Alf akaniuliza hapo nitakuwa nimetofautiana na wewe kwa lipi. Kwa hiyo shairi baki nalo. Sitamwambia mtu. Usiniandikie kuniomba.

Hilda


Exeter,
10 Machi 1985

Dada yangu Hilda,

Hii ni barua ya tano tangu ile yako. Nne za kwanza zilikuwa za kuomba, na najua ndiyo maana hukujibu. Hii siyo ya kuomba, isome tu.

Nimestaafu mapema. Wameniandalia karamu na wakanipa saa. Nimekaa nyumbani majira yote ya baridi nikitazama mgomo wa wachimbaji kwenye televisheni, kila jioni, Philippa anasema nitaharibu macho. Mwezi wa kumi na mbili walionyesha ukumbi wa klabu, wanawake wanawapakulia wagomaji supu, na mmoja alikuwa ameipa kamera mgongo, ana upawa, anamgombeza mtu. Nadhani ni wewe. Nilisogea nikapiga magoti mbele ya kioo, wakabadilisha picha. Sijui kama Alf alikuwa kwenye foleni. Sijui mlipata makaa ya kuwashia moto. Wiki iliyopita waliporudi mgodini nyuma ya bendera nilimtafuta Alf mstari kwa mstari, sikumwona. Umri umenifanya nisiwajue watu wangu usoni.

Nina jambo la kuungama na sina mwingine wa kumwambia. Tangu barua yako sijamwambia mtu yeyote, hata Philippa. Nilijiapiza sitalisoma tena lile shairi. Mwezi wa kwanza walinialika mahali nisome, nikasoma mengine yote, na mwisho mama mmoja akaomba lile. Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema, maneno haya ni ya dada yangu, mpishi wa shule, na aliyatunga ili kunipima nikashindwa. Nililisoma mpaka mwisho. Nilinyamaza pale pa kunyamaza. Yule mama alilia, nikamtilia sahihi kitabu.

Wasichana wa shule huniandikia kuniuliza baba yangu alimaanisha nini kwa kusema udongo. Nawajibu.

Nilikuwa naamini kwamba nikimwandika mtu nimemhifadhi. Sasa nikijaribu kuisikia sauti ya Baba, nasikia mashairi yangu. Ya kweli uliyo nayo, kaa nayo, Hilda. Ukinipa sijiamini, na sitaki tena kuapa. Yako mahali pazuri kuliko kwangu.

Kitu kimoja tu. Miaka yote hii nimekuwa nikianza barua kwa kuwauliza hali zenu, halafu naendelea na habari zangu kabla sijangoja jibu. Umepungua sana, yule niliyemwona, kama ulikuwa wewe. Mgongo wake ulikuwa kama wa Mama. Naomba postikadi, hata bila salamu, hata bila jina langu. Niambie tu kama mko wazima.

Mdogo wako,
Lance